Mtu Akitaka Kuijua Kompyuta, Asome Nini?

(Maneno haya ni ya somo lililosomwa katika redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Yamechapishwa ili msomaji ayarudie pole pole, nyumbani au darasani.)

Nawasalimu ninyi mlio Karatu mjini, Rhotia, Mbulumbulu, Oldeani, Endabash na Mang'ola. Nawasalimu pia ninyi mlio ng'ambo ya lango, huko Ngorongoro, Nainokanoka na Endulen. Kila mmoja na awe na daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali kaa karibu na ubao.

Leo tuna swali lililotoka kwenu wenyewe. Darasa moja la huko Karatu limeandika barua. Wanasema: siku hizi kila mahali twasikia kompyuta. Benki kuna kompyuta, hospitali kuna kompyuta, hata simu tunayotumia kupeleka fedha ni kompyuta ndogo. Tena twaambiwa, "Kompyuta imesema hivi," na maneno yanakwisha hapo. Je, mtu akitaka kuijua kompyuta, asome nini?

Swali ni zuri. Mimi kazi yangu ni kufundisha mambo ya kompyuta, basi nimeombwa nilijibu. Nitawatajia maandishi 5: kitabu kimoja, na makala 4 za utafiti. Yote yameandikwa kwa Kiingereza, na mengine ni magumu hata kwa mtu aliyekaa chuoni miaka mingi. Simwambii mtu aliyejifunza kusoma mwaka huu aende akayasome kesho asubuhi. Nataka myajue kwa majina, mjue yanasema nini, na mjue maswali ya kumwuliza mtu yeyote anayewaletea habari za kompyuta. Kujua la kuuliza ni nusu ya kusoma.

MANENO MAPYA

Mwalimu, andika ubaoni maneno haya, na wanafunzi wayasome kwa sauti.

Programu: maagizo ambayo kompyuta huyafuata, moja baada ya jingine.

Utafiti: kazi ya kutafuta ukweli kwa kupima, kuhesabu na kulinganisha.

Makala ya utafiti: maandishi ambayo mtafiti anaeleza alichokipima, alivyokipima, na alichokiona.

Asilimia: hesabu ya mangapi katika kila 100. Ukivuna magunia 100 ya vitunguu na 6 yakaoza, yaliyooza ni asilimia 6.

Haya, sasa tuendelee.

1. KITABU CHA HATUA

Kitabu cha kwanza kimeandikwa na Donald Knuth, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1938. Jina lake kwa Kiswahili tungeweza kusema "Sanaa ya Kutunga Programu za Kompyuta". Kina juzuu kadhaa. Ya kwanza ilitoka mwaka 1968, ya pili mwaka 1969, ya tatu mwaka 1973, na mwaka 2022 mzee huyu alitoa juzuu nyingine tena. Kazi ya maisha yote.

Kitabu hiki kinasema nini? Kinaeleza kwamba kompyuta haina akili ya uchawi. Inafuata hatua. Mtu amekaa akafikiri: kwanza fanya hivi, pili fanya hivi, ikiwa hivi basi fanya vile. Mpango wa hatua kama huo huitwa algorithimu. Neno hilo limetokana na jina la mtaalamu wa hesabu wa zamani, al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Juzuu ya tatu inahusu kupanga na kutafuta. Tujaribu mfano sasa hivi. Fikirini daftari la mahudhurio lenye majina 31, yaliyopangwa kwa a-be-che. Mnalitafuta jina Safari. Mtu asiyejua mpango ataanza jina la kwanza, la pili, la tatu, mpaka alifikie. Lakini mwenye mpango atafungua katikati, jina la 16. Tuseme jina hilo linaanza na M. Safari linaanza na S, na S iko baada ya M. Basi majina yote yaliyo kabla ya hapo ayaache. Yamebaki 15. Atazame tena katikati, yatabaki 7. Tena katikati, yatabaki 3. Tena katikati, litabaki 1. Kwa hiyo, akitazama mara 5 tu, amelipata. Daftari likiwa na majina 1,000, mara 10 zinatosha. Likiwa na majina milioni moja, mara 20 zinatosha.

Sasa mmeelewa kwa nini karani wa benki anaandika namba yako na jina lako linatokea mara moja. Mtambo haukufahamu wewe ni nani. Majina yamepangwa, na hatua zimefuatwa. Karani akiandika jina lako vibaya, mtambo utasema haumjui mtu huyo, hata ukiwa umesimama mbele yake.

Tena, jambo moja zuri juu ya Bwana Knuth. Aliweka ahadi kwamba mtu wa kwanza kuona kosa katika vitabu vyake atalipwa dola 2 na senti 56. Kwa nini 256? Anzeni na 1, mzidishe kwa 2 mara 8: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Ndiyo hesabu ya kompyuta. Mtaalamu mkubwa kama yule aliwaomba wasomaji wamsahihishe, tena aliwalipa. Basi mtu akikwambia kwamba kompyuta haikosei, jua kwamba wanaoijua hawasemi hivyo.

2. MAKALA YA MANENO YA KISWAHILI

Makala ya kwanza ni ya mwaka 1992. Aliyeiandika ni Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchi ya Finland. Bwana huyu aliijua Tanzania. Mwaka 1984 alikuwa ametoa kitabu juu ya ng'ombe na maisha ya Waparakuyo, wafugaji wa nchi yetu wasemao Kimaasai. Baadaye akaigeukia kazi ya kuifundisha kompyuta Kiswahili.

Kuna ugumu gani katika kufundisha Kiswahili? Mwalimu, andika neno hili ubaoni: HATUTAWASOMEA. Ni neno moja, lakini ndani yake yamo mengi. Tulikate:

HA: kukataa.
TU: sisi.
TA: wakati ujao.
WA: wao.
SOM: kusoma.
E: kwa ajili yao.
A: mwisho wa neno.

Katika lugha kama Kiingereza, maana hii yahitaji maneno kadhaa yaliyoachana. Sisi twaisema kwa pumzi moja. Kompyuta ikitafuta "hatutawasomea" katika kamusi haitaliona, maana kamusi ina "soma" tu. Basi Hurskainen aliandika kanuni za kukata maneno ya Kiswahili, akitumia njia iliyobuniwa mwaka 1983 na Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi. Kazi hiyo iliendelea miaka mingi, na huko Helsinki yakakusanywa maandishi ya Kiswahili yenye mamilioni ya maneno ili wataalamu wapate kuyachunguza.

Kisha kuna tabu ya pili. Someni sentensi hizi mbili:

Paa ameingia shambani.
Paa limevuja.

Neno ni lile lile, PAA. Lakini la kwanza ni mnyama na la pili ni la nyumba. Ninyi mmejuaje? Mmejua kwa A ya "ameingia" na LI ya "limevuja". Huo ndio upatanisho mliofundishwa na mwalimu wenu, na kompyuta nayo yapaswa kutumia njia hiyo hiyo. Kumbe somo lenu la sarufi, ambalo baadhi yenu mlisema halina faida, ndilo somo ambalo mtambo ulifundishwa huko Helsinki.

Lakini sikilizeni neno hili kwa makini. Kanuni za Kiswahili hazifai kwa Kiiraqw, kwa sababu Kiiraqw si lugha ya Kibantu. Kimaasai nacho kina njia zake. Kidatooga kina zake, na Kihadza cha ndugu zetu wa bonde la Eyasi kina zake peke yake. Kila lugha yahitaji watu wa kukaa na kuandika kanuni zake na maneno yake. Kiiraqw kimeanza kupata msingi huo. Mwaka 1993 Maarten Mous, Mholanzi, alitoa kitabu cha sarufi ya Kiiraqw, na mwaka 2002 ikatoka kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza iliyotungwa na yeye pamoja na Roland Kießling na Martha Qorro, mwanachuo wa Tanzania. Kompyuta haiwezi kujua lugha ambayo wenyewe hawajaiandika. Jambo hilo tutalirudia.

3. MAKALA YA WANYAMA WA SERENGETI

Makala hii inahusu majirani zenu. Ilitoka mwaka 2018. Mwandishi wake wa kwanza ni Mohammad Sadegh Norouzzadeh, pamoja na wenzake 6. Mmoja wao ni Craig Packer, ambaye kwa miaka mingi alichunguza simba wa Serengeti na wa Ngorongoro.

Habari yenyewe ni hii. Tangu mwaka 2010 watafiti waliweka kamera 225 katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kamera hizo hazishikwi na mtu. Zimefungwa mahali, na kitu chenye joto kikipita mbele yake, zinapiga picha zenyewe, mchana na usiku. Zilipiga picha mamilioni. Nani atazitazama zote? Kwanza walitazama watu wa kujitolea, maelfu kwa maelfu, kutoka nchi nyingi, kwa njia ya intaneti. Mmoja anasema huyu ni nyumbu, mwingine anasema huyu ni pundamilia, na wengi wakikubaliana, jina linaandikwa.

Kisha wataalamu wa kompyuta wakachukua picha milioni 3.2 pamoja na majina yaliyotolewa na watu hao, wakaufundisha mtambo. Hapa njia si ile ya Hurskainen ya kuandika kanuni. Hapa mtambo unaonyeshwa mifano: hii ni picha, na jina lake ni hili. Hii nyingine, na jina lake ni hili. Mara nyingi sana, mpaka mtambo unaanza kutaja jina wenyewe. Mnyama mmoja mmoja, jumla walikuwa aina 48.

Matokeo yalikuwaje? Mtambo ulitambua wanyama kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 93.8. Tufanye hesabu. Katika picha 1,000, umetaja sawa picha 938. Je, umekosea ngapi? Toeni 938 katika 1,000. Naam, 62. Waandishi walionyesha tena kwamba mtambo ukiachiwa zile picha ambazo una hakika nazo, na watu wakabakishiwa zile zenye mashaka, kazi karibu yote yaweza kufanywa na mtambo, kwa usahihi sawa na ule wa watu wa kujitolea. Kwa njia hiyo iliokolewa kazi ya zaidi ya miaka 8 ya mtu mmoja anayefanya kazi saa 40 kila wiki.

Ni jambo kubwa, na halifai kudharauliwa. Lakini tazameni mambo mawili. La kwanza, mtambo haukuanza kujua peke yake. Ulijifunza kutoka kwa watu wale maelfu waliokaa wakitazama picha. La pili, nyumbu wana picha nyingi sana, bali mnyama adimu kama kicheche ana picha chache. Mtambo hujifunza vizuri kile ulichokiona mara nyingi, na hujifunza vibaya kile ulichokiona mara chache.

4. MAKALA YA NG'OMBE WA PWANI

Makala hii nayo ni ya mwaka 2018. Waandishi ni Sara Beery, Grant Van Horn na Pietro Perona, wa chuo kimoja cha California, Marekani. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Kutambua Katika Nchi Isiyojulikana".

Mwanzoni mwa makala kuna picha za ng'ombe. Ng'ombe wa kwanza yuko katika malisho ya milimani, kwenye majani. Mtambo unasema: ng'ombe. Sawa. Kisha kuna ng'ombe aliye pwani, mchangani, karibu na mawimbi. Hapo mtambo unapotea. Hauoni ng'ombe, au unamwona vibaya.

Najua mnacheka. Mtoto mdogo wa Nainokanoka, aliyeanza juzi kuchunga ndama, atamjua ng'ombe kwenye ukungu wa kreta, kwenye vumbi la Eyasi, kwenye mnada wa Karatu, na hata ukimpeleka Tanga akamkuta ng'ombe amesimama baharini, hatauliza huyu ni nani. Lakini mtambo ulikuwa umeona ng'ombe wengi kwenye majani. Ukadhani majani ni sehemu ya ng'ombe.

Watafiti wale walijaribu jambo hilo kwa kamera zilizowekwa Marekani. Mtambo ulifanya vizuri mahali ulipofundishwa. Ulipopelekewa picha za kamera za mahali pengine, makosa yakaongezeka sana. Basi mtambo uliofundishwa katika mbuga za Serengeti ukipelekwa kwenye msitu wa mlimani ulio juu ya mashamba yenu, hatuwezi kusema tu kwamba utafanya vizuri kwa sababu ulifanya vizuri kule. Yafaa upimwe tena hapo hapo. Mkulima wa Karatu ambaye mahindi yake yameliwa na tembo usiku hawezi kutosheka na jibu kwamba kamera haikuona tembo. Ana haki ya kuuliza: kamera ile ilifundishwa wapi?

5. MAKALA YA NYUSO ZA WATU

Makala ya mwisho, nayo pia ya mwaka 2018, iliandikwa na wanawake wawili. Mmoja ni Joy Buolamwini, ambaye wazazi wake walitoka Ghana. Wa pili ni Timnit Gebru, aliyezaliwa Addis Ababa, nchini Ethiopia. Wote walisoma Marekani.

Wakati huo kampuni kubwa zilikuwa zikiuza programu za kutazama picha ya uso na kusema kama mwenye uso ni mwanamume au mwanamke. Kampuni zilisema programu zao ni nzuri. Kina mama hawa wakauliza: nzuri kwa nani? Wakakusanya picha 1,270 za wabunge wa nchi 6: Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Finland, Iceland na Sweden. Kisha wakapima programu za kampuni 3, wakihesabu makosa kwa kila kundi mbali mbali.

Mwalimu, andika ubaoni namba hizi mbili:

Wanaume weupe: makosa hayakuzidi asilimia 0.8.
Wanawake weusi: makosa yalifika asilimia 34.7.

Maana yake, kwa wanaume weupe, programu mbaya kuliko zote haikukosea hata mtu 1 katika 100. Kwa wanawake weusi, programu mbaya kuliko zote ilikosea karibu 35 katika 100, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu. Mama zetu mnaosikiliza, jihesabuni humo darasani watatu watatu, mtaelewa.

Kama wangechanganya watu wote na kutoa asilimia moja tu, jambo hili lisingeonekana. Jumla ilikuwa nzuri, na ubaya ulijificha ndani ya jumla. Je, makala ilileta faida? Ndiyo. Mwaka 2019 Joy Buolamwini na Deborah Raji walipima tena, wakaona kampuni zote 3 zimepunguza makosa yao. Makala moja, iliyopimwa vizuri na kuandikwa wazi, ililazimisha kampuni kubwa kurudi kazini.

NAMNA YA KUSOMA MAKALA YA UTAFITI

Sasa mmejua maandishi matano. Labda mmoja wenu ana mtoto au mjukuu katika shule ya sekondari ambaye aweza kufungua makala kama hizi katika simu, maana nyingi hutolewa bure. Mwambieni asianze mstari wa kwanza akaenda mpaka wa mwisho, kama mtu anayesoma hadithi. Wataalamu wenyewe hawasomi hivyo. Kwanza husoma muhtasari ulio juu. Kisha huenda mwisho kusoma kilichopatikana. Kisha hutazama majedwali ya namba. Wakiona jambo ni la maana, ndipo hurudi katikati kusoma jinsi kazi ilivyofanywa.

Naye akiwasomea na kuwafasiria, mwulizeni maswali matatu. Yaandikeni katika daftari zenu.

La kwanza: Nani amehesabiwa, na nani hakuhesabiwa?

La pili: Makosa ni mangapi, na yamemwangukia nani?

La tatu: Ilipimwa wapi, na je, imepimwa kwetu?

Maswali haya si ya kompyuta peke yake. Ninyi wa Ngorongoro mnajua jinsi namba zinavyogusa maisha. Eneo la Hifadhi lilipotengwa na Serengeti mwaka 1959, liliwekwa kwa ajili ya wanyamapori na wafugaji pamoja. Tangu hapo, hesabu ya watu, hesabu ya mifugo na hesabu ya wanyamapori zimetajwa katika kila mazungumzo juu ya ardhi ile, na zilitajwa sana wakati familia zilipoanza kuhamia Msomera, wilaya ya Handeni, mwaka 2022. Mimi sikuja kuwaambia upande gani ushike katika jambo hilo. Nasema tu kwamba mtu akija na karatasi yenye namba juu ya ng'ombe wako na nchi unayokaa, hata kama namba hizo zimetoka katika kompyuta, inafaa uweze kuisoma, na kuuliza hayo maswali matatu kwa utulivu, na kuandika jibu lako mwenyewe.

KAZI YA NYUMBANI

Nilisema tutarudia habari ya lugha. Kompyuta imejua Kiswahili kidogo kwa sababu Kiswahili kina magazeti, vitabu na kamusi. Kiiraqw, Kimaasai, Kidatooga na Kihadza vina maandishi machache. Wazee wenu wanajua majina ya rangi za ng'ombe, majina ya miti ya dawa, majina ya pepo na ya majira ya mvua, ambayo hayamo katika karatasi yoyote. Mzee akifa, yanakwenda naye, na mtambo hauwezi kuyatafuta, maana hayakuandikwa mahali.

Basi kazi yenu ya wiki hii ni hii. Kila mmoja akae na mzee, mwanamume au mwanamke, amwombe kwa heshima amtajie maneno 10 ya lugha ya nyumbani. Ayaandike, na mbele ya kila neno aandike maana yake kwa Kiswahili. Aandike pia jina la kijiji na tarehe. Akikosea herufi, si kitu. Darasa litasahihisha pamoja. Mwalimu wa darasa ayahifadhi madaftari hayo, asiyatupe. Na kama mzee hapendi neno fulani liandikwe, neno hilo liachwe, maana maneno ni ya mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Daftari lina majina 63 yaliyopangwa kwa a-be-che. Ukitumia njia ya kufungua katikati, utatazama mara ngapi kwa wingi?

2. Kateni neno hili kama tulivyokata lile la kwanza: HAWATATULIMIA.

3. Kwa nini mtambo ulimjua ng'ombe wa malishoni, ukashindwa kumjua ng'ombe wa pwani?

4. Kwa nini Joy Buolamwini na Timnit Gebru walihesabu makosa ya kila kundi mbali mbali, badala ya kutoa jumla moja?

5. Je, kuna hesabu gani iliyofanywa katika kijiji chenu? Nani alihesabiwa? Nani aliachwa?

Andikeni tena, swali lolote la darasa lenu twalipokea, hata likiwa la mstari mmoja. Sasa zimeni redio, mgeuze viti mtazamane, mwanze swali la kwanza.

Kwa herini.